Kidole cha Baba na Bango la Ploti

S.L.P. 417,
Kitengela.
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa kaka Leshan,

Supa. Najua hutaniitikia, lakini salamu ni salamu, na sikulelewa kupita mtu bila kumsalimia. Habari ya Doha? Habari ya joto la huko, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua ukisimama zamu ndefu langoni? Natumaini ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, ingawa nakujua, labda bado iko chini ya kitanda hata haijafunguliwa.

Mimi kwa mwili niko salama. Mtoto wangu Soipan ameota meno ya mbele na sasa anauma kila kitu, pamoja na kamba ya kamera yangu. Kitengela mvua hakuna, vumbi la machimbo ya mawe linaingia mpaka kwa sufuria. Hizo ndizo habari nzuri nilizo nazo, kaka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu umeninyima njia zingine zote. Simu hushiki. Meseji zangu hazikufikii. Grupu ya familia ulitoka. Kwa hivyo barua hii anakuletea jirani yangu Mutheu, anayerudi kazini huko Alhamisi. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua. Unamjua Mutheu, hana haya, atasimama hapo hapo mbele ya wakubwa wako.

Nianze na jambo moja, ili hata ukiichana barua katikati uwe umelisoma. Baba hajauza shamba. Hajauza hata robo eka.

Ile picha ya Baba kwenye bango la ploti ni yangu, niliipiga mimi. Ilikuwa mwaka jana nyumbani Ewuaso Kedong, asubuhi, jua likiwa bado chini. Punda wa mama yetu Yeyo alikuwa amekata kamba tena, na Baba alikuwa anamwonyesha mdogo wetu Ezra punda alikoelekea. Ndiyo maana mkono umenyooka vile. Anacheka kwa sababu Ezra alikuwa ametoka mbio na buti moja tu mguuni. Huo mkono ambao wewe unaona unaonyesha watu ploti zenye maji na stima ulikuwa unaonyesha punda.

Ulikuwa unanicheka kwamba nawauzia watu wa ng'ambo upepo. Sasa acha nikueleze hiyo kazi vizuri, kwa maana shida yetu yote imelala hapo. Napiga picha, nazisafisha kwa kompyuta, naziandikia maneno ya kutafutia, halafu nazipeleka kwa mawakala wa mtandaoni. Wao wanazipanga kama vile duka linavyopanga sabuni. Mtu yeyote, popote alipo, akitaka picha ya ng'ombe au ya mama anayecheka na simu, anatafuta, analipa kidogo, anachukua. Hanunui picha iwe yake, ananunua ruhusa ya kuitumia. Mimi naonyeshwa tu kwamba imeuzwa na ni nchi gani imenunua. Jina la mnunuzi siambiwi.

Picha ya mlima au ya mbuzi haina maneno. Lakini sura ya mtu ikionekana, wakala hakubali iuzwe kwa matangazo mpaka mwenye sura aseme ndiyo kwa maandishi, na mtu mwingine ashuhudie. Baba, kama unavyojua, haandiki. Basi niliazima wino wa muhuri wa kanisa, nikaanza kumweleza kwamba ni karatasi ya picha, akaniambia nisimchoshe na maelezo, akaweka kidole. Shahidi nilimchukua aliyekuwa karibu. Na aliyekuwa karibu, ameketi anakunywa chai ya Yeyo, alikuwa Lazarus.

Ndiyo, Lazarus yule yule broka wa mashamba. Hapo una ruhusa ya kunitukana, na ukimaliza uendelee kusoma. Nimekaa mjini mpaka nikasahau kwetu kidole ni nini. Huku unaweka kidole benki, unaweka kliniki, unaweka hata kwa mlango wa ofisi, na maisha yanaendelea. Kwetu ukisema mzee fulani ameweka kidole, hakuna anayekuuliza ameweka wapi. Wanauliza ni eka ngapi. Na mimi nikaenda nikakiweka mbele ya Lazarus, mtu ambaye ameshuhudia vidole vya wazee wengi kuliko daktari.

Ezra ndiye aliyeliona bango kwanza. Alikuwa anatoka machimboni na lori lake la mawe, akaingia barabara ya Namanga, akainua macho akamwona Baba amesimama juu ya maduka, na chini yake maandishi makubwa: WAZEE WAMESHAUZA. WEWE UNANGOJA NINI? Akapiga picha kwa simu akaiweka kwa grupu bila neno lolote. Nafikiri alidhani tutacheka.

Halafu ukaja ule ujumbe wako wa sauti. Najua ulikuwa umetoka zamu ya usiku, na hasira yako naijua, hata mimi niko nayo, tumeichota kwa chungu kimoja. Lakini sijui kama unajua ni nani waliousikiliza. Yeyo hawezi kusikiliza kwa sikio moja. Yeye hufungulia sauti mpaka mwisho, ili na Baba asikie mtoto wao wa mbali. Walikuwa wameketi pamoja wakingoja salamu. Wakakusikia ukisema kwamba Baba amekula shamba letu na bado yuko hai, na kwamba kuanzia siku hiyo awahesabu watoto wake bila wewe. Yeyo ananiambia Baba aliuliza tu kama inaweza kurudiwa, kwa sababu hakuwa na hakika amesikia vizuri. Ikarudiwa.

Nilikuwa na hasira na wewe siku hizo, sitakudanganya. Niliimalizia kwa ile kampuni ya ploti. Niliingia kwa ofisi yao hapa Kitengela nikiwa nimejaa maneno, nikampata kijana mmoja anaitwa Irungu, mpole, na tai nyembamba. Akanisikiliza, akanipa chai, akasema mtu wao wa matangazo alinunua ruhusa mtandaoni kihalali na risiti iko. Halafu akanipongeza kwa picha nzuri. Nilikuwa nimekuja kupigana na nikajikuta nasema asante. Bango, alisema, litashuka siku zake zikiisha.

Mawakala nao niliwaandikia. Sheria zao zenyewe zinakataza kumtumia mtu kwa njia ya kumwaibisha, na niliwaeleza kwamba kwetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Walijibu kwamba malalamiko yamepokelewa na yanaangaliwa. Bado yanaangaliwa. Picha nimeitoa kote, lakini waliokwisha kuinunua wamekwisha kuinunua, hakuna wa kuwanyang'anya.

Wakati huo kule nyumbani Lazarus alikuwa anaulizwa, na anajibu. Hakudanganya hata neno moja, huyo mtu. Aliona kidole, akasema aliona kidole.

Jumamosi ya wiki juzi wazee wa rika la Baba walikuja, wakaketi nje kando ya zizi, na mimi nikaitwa. Walimuuliza Baba kama aliweka kidole kwenye karatasi. Akasema aliweka. Lazarus aliona? Aliona. Nikaeleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Wakanisikiliza kwa adabu. Halafu mmoja akauliza tangu lini picha inataka kidole, kwa maana wageni hupita hapo na magari yao mwaka mzima wakiwapiga picha, na hajawahi kuona hata mmoja amebeba wino. Leshan, jibu ninalo, lakini si jibu linaloweza kuingia kwa mtu aliyeona mashamba ya majirani yakienda hivyo hivyo, kwa chai na karatasi.

Nikafungua simu, nikawaonyesha nakala yenyewe. Kizungu kitupu. Wakasema Ezra asome na atafsiri. Ezra, na Kizungu chake cha kidato cha pili, akasoma polepole, neno kwa neno, kwamba mwenye kidole ametoa haki zote, kwa wakati wote, mahali popote, yeye na warithi wake. Ndivyo karatasi za picha zilivyo, kaka. Wanasheria wa ng'ambo waliziandika hivyo ili mtoto wa mtu asije siku moja kudai picha ya babake. Lakini neno warithi lilipotoka kinywani mwa Ezra, yule mzee akachukua fimbo yake akasimama, na wengine wakamfuata. Hawakuaga. Hata chai ya Yeyo waliiacha.

Baba alibaki ameketi. Aliangalia kidole gumba chake, akakisugua kwa shuka. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ile watu hutumia wakiwa kwa daktari.

"Resian, niliuza?"

Sijawahi kuogopa swali hivyo. Afadhali angenigombeza. Hakuwa ananilaumu, alikuwa hajui. Watu wote wamesema ameuza, bango limesema, marafiki zake wa ujana wamesema, mtoto wake wa kwanza amesema, na karatasi imesomwa mbele yake. Amejiuliza akaona labda ni kweli. Nikamwambia hapana. Nikamwambia tena na tena. Aliitikia kwa kichwa jinsi mtu anavyomwitikia mtoto anayejitetea.

Nikaenda Kajiado, ofisi ya ardhi, nikathibitishiwa kwa karatasi yenye muhuri. Shamba liko kwa jina lake, hakuna mkopo, hakuna mnunuzi, hakuna kitu. Nakala nimekuwekea ndani ya bahasha hii, isome mwenyewe. Taito yenyewe, hati ya shamba, iko kwa sanduku la Yeyo, nimeishika na mikono yangu. Jumapili baada ya ibada nilimpelekea Baba ile yenye muhuri. Aliishika juu chini, akaiangalia kidogo, akanirudishia. Akasema hata ile ya kwanza nilimletea mimi. Na ni kweli.

Halafu akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Leshan anajua Kizungu, na yeye hauzi picha. Akisema halijauzwa, halijauzwa."

Umesikia hiyo? Baada ya maneno yote uliyomtupia, mtu anayemwamini bado ni wewe. Yeyo amejaribu, mchungaji amejaribu, hata Ezra amelia mbele yake. Anamngoja Leshan. Na Leshan amezima simu akiwa Doha, amenuna.

Sitaki uniombe msamaha, na wangu nitakuomba siku tukionana, uso kwa uso. Sasa nataka umpigie Baba. Usinipigie mimi, piga kwa simu ya Yeyo, jioni mifugo ikiwa imerudi. Mwambie umesoma karatasi ya Kajiado na shamba ni lake. Sema polepole, kwa Kimaasai, na urudie, kwa maana ule ujumbe wako pia aliusikia mara mbili.

Na usichelewe. Ameacha kupeleka ng'ombe upande wa mtoni. Anazichunga kando ya barabara, zinakula vumbi na karatasi za nailoni, ati mwenye shamba asije akazikuta ndani. Juzi Yeyo alitaka kukata tawi la kuni pale kwa ua, akamkataza, akamwambia waombe kwanza. Anakula kidogo sana. Amekonda mpaka saa yake imepanda karibu na kiwiko. Ng'ombe nazo zimekonda.

Yeyo anakusalimu, na anasema hajakasirika, ingawa nilimwona akifuta macho akisema hivyo. Ezra anakusalimu na amenunua kamusi. Soipan anakusalimu kwa meno yake mapya. Mama Nalangu wa Kimuka anasema anakuombea kila ibada ya Jumatano, na kwamba uoe. Enkai akulinde na jua la huko, akushike mgongo, akulainishie moyo na akurudishe nyumbani ukiwa mzima, utukute sote.

Baba hakutuma salamu. Alisema hajui kama bado anaruhusiwa. Alituma swali, akaniapisha nisilibadilishe. Kwa kuwa wewe unajua kuongea na watu wa karatasi, anaomba umuulize huyo aliyenunua kama atakubali mzee azikwe pale nyumbani kando ya mama yake, halafu achukue mengine yote.

Dada yako akupendaye hata ukimnunia,

Resian