Paneli Zigeukie Zizini

Mwamkulu, Mpanda
9 Juni 1996

Mwanangu Lucia,

Hujambo? Sisi wazima, ni miguu yangu tu inasumbua. Mafunzo yako ya umeme wa jua yanaendaje?

Paneli za zahanati zimefungwa, lakini mimi nesi wao nina hasira! Mwenyekiti wa kijiji, Maduhu, aliamuru zitazame barabarani, eti wanaokwenda mnadani wazione. Haya, zimeonekana. Friji ya chanjo haipoi. Wakubwa wa Mpanda wamesema ikifika katikati ya Julai bado iko hivi wanaichukua, kina mama warudi kutembea na watoto hadi mjini. Kaka yako Malale alikufa kwa surua tukiwa kwenye njia hiyohiyo. Nisaidie.

Mayu wako,
Theopista


Dar es Salaam
21 Juni 1996

Mayu, shikamoo.

Pole na miguu. Mimi mzima, na Malale simsahau.

Paneli si picha ya ukutani! Zinataka kulitazama jua, na jua letu sasa liko kaskazini. Msimamishe Maduhu uani saa sita mchana. Kivuli chake kikilala upande huu, paneli zitazame upande wa pili. Ziinuliwe kidogo tu, maji ya mvua yateremke. Desemba jua likihamia kusini, bado zitalipata. Asikubabaishe mtu.

Mwanao,
Lucia


Mwamkulu
23 Julai 1996

Lucia wangu,

Marahaba! Unaipa pole miguu? Imepanda juu ya bati!

Nilimsimamisha Maduhu juani mbele ya kamati. Kivuli kikalala upande wa barabara. "Kwa hiyo zitazame zizini huko nyuma?" akafoka. "Tumwonyeshe nani, ng'ombe?" Wanaume wakabaki wamekaa. Nikajifunga khanga, nikachukua spana, nikapanda mwenyewe. Walicheka, we acha tu! Mkunga wetu Vestina akanifuata, ndipo vijana wakaona aibu, wakaja kutupokea kazi.

Friji imepoa, mwanangu! Imepoa! Wakubwa walikuja na gari kuibeba, wakaishia kushusha chanjo. Jana foleni ya watoto ilifika barabarani. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Maduhu, na kelele zake zilisikika mnadani. Nilimkumbuka Malale, machozi yakanitoka, nikaendelea kuchoma sindano.

Na Maduhu sasa kila mgeni anamzungusha nyuma, wanakanyaga mavi ya ng'ombe mpaka katikati ya zizi, halafu ananyoosha fimbo juu kwenye paneli: "Hapa ndipo mbele ya zahanati yetu."

Mayu wako wa juu ya bati,
Theopista