Mrija Ulionipita

Jumatatu, Kibondo

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya Novemba isiyo na haraka, na mimi nimefunga kibanda changu cha kushonea saa nane mchana kwa sababu nilishaharibu suruali mbili za sare za shule. Moja nimeikata mguu mfupi kabisa, hata kuurefusha haiwezekani. Nikaona bora nije niandike. Mnaosoma hapa hamlijui jina langu, na ndivyo ninavyotaka.

Leo nina hasira. Sina jina jingine la kuipa.

Kwa aliyefika hapa mara ya kwanza: nina hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri. Huu ni mwaka wa nne. Alinipa mwanaume niliyekuwa naye zamani, ambaye alijua na akakaa kimya. Haina dawa ya kuitoa mwilini. Kuna vidonge vya kuituliza, nameza kila siku, na mwili wangu nimeshaujua: kabla vidonda havijatoka nawashwa, panachomachoma, paja la kushoto linauma. Nikisikia hivyo hakuna mwanaume kunigusa mpaka ngozi ipone kabisa. Siku nyingine zote ni kondomu. Na hata hapo hatari inapungua tu, haiishi, kwa sababu inaweza kupita hata siku ambayo huoni kitu. Hayo yote nilifundishwa na nesi, na kila aliyetaka kuwa na mimi nimemweleza hivyohivyo. Wawili walisikia wakapotea. Mmoja alifuta namba yangu palepale, macho makavu, mimi nikimwangalia.

Eliasi hakupotea.

Eliasi ni fundi pikipiki Kasulu mjini, kwao ni Makere. Nilimwambia kabla hatujalala pamoja hata mara moja. Tulikuwa mgahawani, chai imepoa. Akauliza maswali ya mtu mzima. Tukaenda wote kwa nesi, akaketi akasikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka akasema, "Asante kwa kuniambia. Wengine wangenyamaza." Nikamwomba kitu kimoja tu: hili ni langu, usimpe mtu. Akaapa.

Miezi minane. Siku nikisema leo hapana, analala upande wake na kunitania kwamba hilo paja langu lina mamlaka kumshinda mwenyekiti wa kijiji. Jamani, nilicheka! Nisiwadanganye, nilishaanza kupanga hadi majina ya watoto.

Jumamosi akanipeleka kwao Makere nikaonwe.

Kwao wana asili ya Burundi, babu zao walivuka mpaka zamani, lakini Kiha chetu na Kirundi chao vinaelewana, kwa hiyo sikuwa mgeni wa lugha. Tulisalimiana kwa kupiga makofi, zile salamu ndefu za kuulizana mpaka hali ya mbuzi. Nilimpelekea mama yake gauni la kitenge nililomshonea kwa kumkadiria kwenye picha, na lilimkaa sawasawa. Akazunguka nalo uani akicheka. Moyo ukatulia.

Kisha ikaletwa pombe ya mtama. Kwa asiyejua huku kwetu: chungu kinawekwa katikati, mrija mrefu unapita mkono kwa mkono. Mchumba aliyeletwa nyumbani akipewa mrija, ameshapokelewa, hakuna haja ya hotuba. Asipopewa, napo hakuna hotuba.

Mama akanywa. Shangazi yake Eliasi akanywa. Filbati, kaka mkubwa, akanywa, na pembeni ya mdomo wake vidonda vya homa vimepasuka vinang'aa. Eliasi akanywa, akauelekeza mrija kwangu. Nilishanyoosha mkono. Shangazi akaudaka kabla haujanifikia, kwa upole kabisa, kama anamwondolea mtoto wembe.

"Wewe mwanangu unaletewa yako," akasema.

Nikaletewa kikombe cha plastiki.

Nilielewa palepale. Kila mtu alikuwa anaangalia pembeni, wote walishajua. Nikamtazama Eliasi. Alikuwa ameinama anakwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilipiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Nikanywa yote. Nikajikaza kisabuni, nikacheka walipocheka. Baadaye nikienda msalani nikakiona kikombe kwenye shimo la taka, juu ya maganda ya ndizi. Hawakusubiri hata niondoke.

Sasa niwaambie kitu. Hepesi yangu haipiti kwenye mrija. Iko chini, inapita ngozi kwa ngozi. Ile ya mdomoni mwa Filbati ndiyo ndugu yake, virusi vya ukoo mmoja, na hiyo ndiyo inayopenda midomo. Kama pale palikuwa na mtu wa kutengewa kikombe, ni yeye. Lakini yake inaitwa homa, inapakwa mafuta, na Jumapili inakwenda kanisani. Yangu inaitwa umalaya.

Tulipokuwa tunasubiri gari barabarani nikamuuliza.

"Nilimwambia mama tu," akasema. "Mama ni mama. Yeye ndiye kamwambia shangazi, sasa mimi ningefanyaje?" Halafu akaongeza, "Usiwachukie. Walikuwa wanajikinga."

Wanajikinga! Nyoo!

"Eliasi," nikamwambia, "umelala na mimi miezi minane. Mbona wewe walikupa mrija?"

Akasogea barabarani kuangalia kama gari linakuja. Kwa hesabu ya kwao, yeye amelala na mimi na bado ni msafi, mimi nimelala na mtu basi ni mchafu. Wangekuwa wanaogopa ugonjwa kweli, tungepewa vikombe viwili. Pale walikuwa wananionyesha nafasi yangu. Na yeye alishuhudia, akanywa.

Leo asubuhi kanitumia ujumbe. Eti mama yake anasema tusubiri kwanza mpaka nipone.

Nipone! Eliasi aliketi kwa nesi akasikia kwa masikio yake kwamba haiponi. Anajua, na bado kaandika. Afadhali angesema tu sikutaki, ningelia nikamaliza. Hapo ndipo suruali ya kwanza ilipoharibika.

Nikiri na jingine. Tangu Jumamosi namfikiria yule wa zamani aliyeninyamazia. Alioa mwaka jana huko Murungu, harusi ya kanisani, nyama za kumwaga. Kama hakuniambia mimi, mkewe atakuwa amemwambia? Wakwe zake wanampa mrija na kumwita baba. Mimi niliyesema ukweli kikombe changu kimetupwa kwenye maganda. Sasa mjinga ni nani hapa?

Jana nilikaa nikajaribu kujiona na mimi nimenyamaza. Mwanaume mpya, vidonge nimevificha kwenye kopo la vifungo, nikiwashwa nasema niko kwenye siku zangu. Inawezekana. Inawezekana kabisa, na ndicho kinachonitisha. Kisha nikamwona huyo mwanaume siku moja amekaa kwenye benchi la zahanati kama nilivyokaa mimi, kukojoa kunamliza, anarudisha mawazo nyuma akitafuta ni nani. Nikashindwa. Siyo wema, msinisifu. Sitaki tu kufanana na yule wa Murungu hata kwa ukucha.

Eliasi nimemjibu neno moja, kwaheri, nikazima simu. Nimelia, ndiyo. Bado nampenda, na hilo nalo linanikera.

Vidonge nitaendelea kumeza. Na atakayekuja, kama yupo, nitamwambia siku ya kwanza kabisa, soda bado haijafunguliwa. Akitaka kukimbia akimbie hapohapo, nikiwa bado sijampenda.