Ukuta Ulioelekea kwa Wifi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Murray Town, Freetown

Jina: Fasalie Marah. Umri: kama miaka 43. Elimu: darasa la nne. Kazi: kibarua, naosha na kupaka rangi nyumba za mbao. Makazi: chumba cha chini, nyumbani kwa Bi Remilekun Decker, Mtaa wa Thimble. Kwetu ni Kabala, sijafika siku nyingi.

Nyumba ya Bi Decker ni ya mbao, imekaa juu ya msingi wa mawe. Kila mwaka vumbi la kiangazi likiisha, kabla ya mvua, tunaiosha na kuipaka. Tunaosha kuta tatu. Ukuta wa nne haufikiki ila usimame kwenye ua wa Bi Ebun Sawyerr, mjane wa mdogo wake Bi Decker. Hao mawifi hawasalimiani. Walikosana kwenye karamu ya siku ya arobaini ya marehemu, kwamba chakula cha wafu kizikwe ua gani. Kila mmoja akachimba shimo lake.

Mwaka huu mchwa wameingia ukuta wa nne. Bi Decker aliniita akasema, "Nenda kwa yule mwanamke. Mwambie simwombi mimi, nyumba ndiyo inayomwomba."

Nikaenda. Bi Ebun akajibu, "Mwambie nyumba nimeikubalia. Yeye bado."

Mnamo tarehe 14 Aprili 2012, saa mbili asubuhi, niliingia ua wa Bi Ebun pamoja na mwenzangu Bockarie. Ukuta wa mbao huoshwa kuanzia chini kwenda juu, maji machafu yasiache michirizi. Tulipoanza chini tukakuta mbao safi. Hazikuwa na kuvu, na kwenye maungio zilipakwa mafuta machafu ya gari, dawa ya mchwa. Usafi ulikomea pale mkono wa mtu mfupi unapokomea. Kuanzia hapo kwenda juu ukuta ulikuwa mweusi kama sufuria.

Bockarie akasema, "Kuvu wa huku ana adabu, kapisha wazee."

Bi Ebun alikuwa mlangoni kwake anachambua majani ya mihogo. Akasema, "Nyie watoto wa bara, mnasugua au mnabembeleza? Na hiyo brashi ya waya itoeni, mtazichuna mbao."

Nikamuuliza, "Mama, chini hapa ameosha nani?"

"Mvua."

"Mvua gani hiyo inayonyesha chini tu?"

Akasema nifanye kazi yangu. Baadaye, mimi sijauliza tena, akasema chumba cha nyuma ya ukuta ule ndicho alichozaliwa mumewe, na dirisha lake yeye linautazama kila siku.

Yapata saa nne Bockarie alipanda ngazi, karibu na dirisha la juu. Dirisha hilo lina mabawa ya mbao yanayofungukia nje, na lilikuwa halijafunguliwa tangu ugomvi. Mimi nilikwenda kuchota maji kwenye pipa, hatua chache tu. Bi Ebun akaona ngazi inacheza, akaacha majani yake, akaishika kwa mikono miwili. Akamwambia Bockarie, "Ukifia uani kwangu, nani atakupikia arobaini?" Bockarie akacheka.

Nadhani Bi Decker alisikia kicheko akataka kujua wanaocheka. Alisukuma bawa la dirisha kwa nguvu maana lilikuwa limekwama. Likafunguka kwa ghafla, likaipiga ngazi. Bockarie akaanguka na ngazi ikaanguka. Mkono wake wa kulia umevunjika.

Bi Decker akatoa kichwa, akamwona wifi yake na ngazi. Akapiga kelele, "Kamsukuma! Nimeiona mikono yake!" Akaita polisi.

Nimeulizwa kama mikono ya Bi Ebun ilikuwa kwenye ngazi. Ilikuwa. Nimeulizwa ilikuwa inafanya nini. Ilikuwa inashika. Ngazi ilimwangukia yeye mwenyewe begani kwa sababu hakuiachia. Anayesukuma ngazi haangukiwi nayo.

Nilipokuwa natoka kuja hapa Bi Decker aliniambia, "Fasalie, kumbuka unalala chini ya sakafu ya nani." Nakumbuka. Mkeka wangu na ndoo yangu nimekuja navyo, viko kwenye ngazi za kituo. Sina chuki naye. Amenipa chumba wakati sijui mtu mji huu.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi: F. Marah

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Sajini M. Kpaka, saa nane na robo mchana. Mlalamikaji, Bi Decker, alikuwepo kaunta. Nilimweleza aliyosema shahidi. Hakupinga habari ya dirisha. Aliuliza mara mbili kama ni kweli ukuta umeoshwa chini, na umeoshwa tangu lini. Akaomba polisi wampeleke akauone. Nimemjulisha kwamba ukuta huo huonekana mtu akiwa ndani ya ua wa mtuhumiwa tu, hivyo ruhusa aombe kwa mwenye ua, ambaye amekaa benchi la nyuma yake. Mpaka naandika haya hajageuka, ila hajaondoka.