Sikio la Tepu

Kaka yangu,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu Mama alitufundisha kwamba watu husalimiana kabla ya kugombana. Hujambo? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona? Mama anataka kujua kama chumba ulichopata kina dirisha linalofunguka, maana anasema ukilala kwenye joto unaamka na kisirani. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ni miguu tu ndiyo inamsumbua kama kawaida. Mjomba anataka tuseme hajambo, lakini mkono wake wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na vidole viwili havimo tena ndani ya bendeji hiyo.

Najua Mama alikuambia kwenye simu kwamba Mjomba ameumia kidogo kazini. Hilo neno kidogo ni la Mjomba mwenyewe. Alikuwa amesimama pembeni ya Mama akimpungia ule mkono mzima asiseme zaidi. Mimi sipungiwi. Kaa chini usome mpaka mwisho, na usinipigie kabla hujamaliza, kwa sababu nikiisikia sauti yako sasa hivi nitatoa maneno ambayo Mama ataniuliza nimejifunza wapi.

Unamkumbuka Kobe, ule mtambo mdogo wa magurudumu manne unaobadilishwa vichwa, leo cha kufagia, kesho cha kutoboa mashimo, keshokutwa cha kukwangua lami. Siku hiyo Mjomba alikuwa akikwangua lami mtaa wa nyuma ya hospitali. Jiwe likakwama kwenye meno ya kichwa hicho, na lile pipa linalozungusha meno likasimama. Mjomba akainua chuma cha kifuani, kile ambacho kikiinuliwa tu kichwa chochote kilicho mbele hukatiwa nguvu. Akashuka. Hakuzima injini, na wewe unajua hakuna dereva anayezima injini pale kwa ajili ya jiwe moja, maana fomeni humfokea anayezima. Alipolisukuma lile jiwe likachomoka, na pipa likazunguka.

Fomeni alikuwa na maelezo yake tayari kabla hata damu haijakauka. Alisema mzee hakuinua chuma, alijipenyeza chini yake kwa haraka zake. Meneja akaandika kwamba ni uzembe, na Mjomba akaachishwa kazi akiwa bado kitandani. Mjomba, kaka! Mtu aliyetufuta makamasi na kutulea kama aliyetuzaa, mtu anayefuta mpini wa bisibisi kabla ya kuitundika ukutani, ndiye leo anaitwa mzembe mbele ya vijana aliowafundisha kushika usukani. Nilitaka mtu mmoja pale anipinge, nimwonyeshe.

Mimi, fundi uliyeniachia karakana, niliambiwa kazi yangu ni ndogo tu: niwashe Kobe, nitazame kwenye skrini kama kuna namba ya hitilafu, na kama hakuna, nimruhusu arudi barabarani. Nikamwasha. Namba haikuwepo. Fomeni akapiga makofi kama aliyefunga goli.

Lakini ulinipa jina la Chokochoko kwa sababu siwezi kuacha kitu bila kukichokonoa, basi nikachokonoa. Nilifunga kichwa cha kufagia, nikakizungusha, nikainua chuma, fagio likasimama palepale. Kwa hiyo Kobe mwenyewe alikuwa mzima. Nikarudisha kichwa cha kukwangua, watu wote nimewaweka mbali, nikainua chuma. Pipa liliendelea kuzunguka. Nikasimama pale na chuma mkononi. Kisha nikakata waya mmoja wa kichwa kile kwa makusudi, ili nione Kobe atasema nini. Mtambo usiochezewa ungelalamika mara moja, ungeleta namba na mlio. Kobe hakusema kitu. Alikuwa amezibwa mdomo.

Tatizo basi lilikuwa kwenye plagi ya kichwa, pale nyaya zinapoingilia. Nikakuta tepu nyeusi. Chini ya tepu nikakuta kipande cha waya mwekundu kilichounganisha moto wa moja kwa moja na vali inayozungusha pipa, na kipinga umeme kidogo cha kuidanganya kompyuta ya mtambo kwamba kila kitu ni salama. Aliyefanya vile alijua sana. Namba ya hitilafu aliifukuza kwa ustadi, na pamoja nayo akafukuza ulinzi wa mtu anayeshuka.

Unajua tayari. Najua unajua tangu niliposema tepu.

Ilizungushwa kwa mkono wa kushoto. Na mwisho wake ulikunjwa ukawa sikio, lile sikio dogo ulilonifundisha siku ya kwanza uliponishikisha mita ya kupimia umeme, ukaniambia fundi mstaarabu huacha pa kushika ili fundi atakayekuja baada yake asihangaike na kucha. Pale karakana hakuna mwingine anayekunja sikio, ni mimi na wewe tu. Na mimi si wa mkono wa kushoto.

Ustaarabu gani huo, kaka? Ulinifikiria mimi na kucha zangu, ukamsahau atakayekaa kwenye kiti!

Nimejaribu kukutetea moyoni. Ilikuwa wiki yako ya mwisho, mizigo imefungwa, fomeni amekukalia kooni anataka kichwa cha kukwangua kitoke karakana siku ile ile. Labda ulijiambia utarudi kesho yake uirekebishe, kesho yake ukaaga watu, ukasahau. Nimekutetea mpaka nilipolipata kosa lenyewe, lile lililokushinda. Waya ulikuwa umechunika mahali unapopita chini ya kibano, mpira unaopitisha mafuta ukitikisika unausugua kwenye chuma na kupiga shoti. Nililipata kwa kuutikisa kwa vidole huku nikitazama mita. Palipochunika hapafiki upana wa kucha ya kidole kidogo. Chai niliyoiacha mezani ilikuwa bado vuguvugu nilipomaliza kuurekebisha. Ungetafuta tu! Usingekuwa hata na haja ya akili nyingi, ungetumia uvumilivu wa mtu anayechambua mchele, basi. Hapo ndipo nilipoacha kukutetea.

Niliubeba ule waya mwekundu na kipinga chake mpaka kwa meneja, sikumwomba fomeni ruhusa. Nilimwambia yote, na nikakutaja wewe, kwamba ni kazi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Fomeni aliyekuja mbio nyuma yangu akamgeukia meneja, akasema nani asiyejua kwamba mimi ni mpwa wa huyo mzee, nani alikuwepo nikiichana hiyo tepu, na ni nini kilichonizuia kuutia waya mimi mwenyewe ili nimsafishe mjomba wangu na kumsingizia mtu asiyekuwepo. Meneja akavifungia vitu vile kwenye droo yake. Akasema hana la kufanya mpaka aliyefanya kazi ile aseme mwenyewe kwa mdomo wake, na mpaka hapo Mjomba anabaki nje, na mimi nisishike mita. Kwa hiyo sasa hivi ninafagia sakafu ya karakana niliyoijua nikiwa na wewe. Naifagia kwa hasira mpaka wenzangu wanafunga milango ya magari vumbi lisiingie.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Kufagia ningevumilia.

Jioni ile niliingia chumbani kwa Mjomba na kipande cha tepu. Nilidhani ataruka kwa furaha kwamba jina lake litasafishwa. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akalipapasa lile sikio kwa kidole gumba. Hakushtuka hata kidogo. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu siku ile. Aliiona tepu asubuhi alipokuwa akiunganisha plagi. Aliliona sikio akafurahi. Alisema alijiambia kwamba hapa mikono ya mwanangu imepita, leo sina haja ya kukagua. Wewe unajua yeye hujaribu chuma kila asubuhi kabla ya kuondoka uani, anainua na kushusha, tangu sisi wadogo tukimcheka. Siku hiyo hakujaribu, kwa sababu yako.

Na walipomuuliza, alikubali kuitwa mzembe. Akanyamaza ili usije ukaitwa urudi, usije ukaharibikiwa huko ulikofika. Aliniambia nikichome moto hicho kipande na nisimwambie mtu. Nilipomjibu kwamba meneja ameshajua, na kwamba jina lako nimelitaja, aligeukia ukutani. Mpaka leo hanisemeshi. Chakula nampelekea, anakula, anamshukuru Mama aliyekipika.

Nimemkasirikia yeye kwa kukupenda hivyo, na wewe kwa kupendwa hivyo bila kujua. Mimi mwenyewe sijui nimekosea wapi hata nikawa ndiye adui humu ndani.

Ndani ya bahasha hii utakuta kile kipande cha tepu. Waya na kipinga viko kwa meneja. Hakuna mtu pale anayeweza kulisoma sikio hilo isipokuwa wewe. Lichukue, panda gari, uje ulishike mbele ya meneja na fomeni, useme ni lako. Ukimaliza hapo, njoo nyumbani, ukae kando ya kitanda cha Mjomba, useme tena. Ukituma barua nitaichana. Anataka kukuona, hata kama anakataa kusema, na mimi nataka uuone huo mkono kwa macho yako.

Mama anakusalimu na kukuombea. Nilimsomea barua hii yote, akalia, kisha akasema nisibadilishe neno.

Nilipokuwa naifunga bahasha, Mjomba aliita kutoka chumbani, maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Alidhani naandika barua ya kawaida. Akasema nikusalimie sana, nikuulize kama unakula vizuri, na nikuambie mkono wake unaendelea kupona, usiwe na wasiwasi. Nimeziandika salamu hizo kwa sababu ameniomba yeye.

Mdogo wako,
Chokochoko