Jiko la Kichuguu

Ijumaa, 19 Septemba
Kuni tena. Kila Ijumaa vipindi vikiisha, kila mwanafunzi na mzigo wake. Zamani walikata hapo tu nyuma ya bwalo. Leo tumetembea mpaka jua limeanza kushuka. Shingo inauma. Nilijaribu kusoma Jiografia njiani, nikajikwaa. Baraka, ambaye tunakaa dawati moja, akapiga kelele: "Profesa, mti hausomwi, unakatwa!" Wote wakacheka. Nikaokota daftari langu. Huwa sijibu.

Kibaya zaidi ni tangazo la Mkuu wa shule. Huku kuni zimekwisha. Kuanzia mwezi ujao tutakata bondeni. Bondeni! Kijiji kilipafunga kwa sheria ndogo ili miti irudi, na imeanza kurudi. Miti ya mininga inanifika begani. Sasa kijiji chenyewe kimetupa ruhusa, kwa sababu watoto lazima wale. Nimekasirika. Sheria gani hii inayofunguliwa na sufuria ya maharage?

Jumatatu, 22 Septemba
Nimemwendea Mwalimu Mwakyusa, mlezi wa klabu yetu ya mazingira. Ametokea Mbeya na huvaa sweta hata kiangazi hiki cha hapa kwetu Murungu. Nilimwambia serikali inataka taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni, lakini sisi gesi hatuiwezi, na miti haitatusubiri. Katikati hapo tujenge jiko banifu, linalokula kuni chache, la matofali na udongo wa kichuguu.

Alivuta mikono ya sweta, akatazama dirishani. Nilidhani nimekosa adabu. Kumbe alikuwa anafikiri.

Jioni amenipeleka kwa Mkuu, naye amekubali. Jiko likiivisha maharage ya shule nzima kwa nusu ya kuni tunazotumia sasa, hatuendi bondeni. Likishindwa, tunanoa mapanga.

Jumatano, 24 Septemba
Tumejenga! Klabu nzima, hata Baraka ambaye si mwanachama. Tumevunja kichuguu, tumeponda udongo na nyasi, tumepanga matofali kuizunguka sufuria kubwa. Mlango wa kuni mdogo, bomba la moshi nyuma. Mama Devota, mpishi wetu, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwanangu, mmenijengea nyumba ya kuku?" Tulicheka mpaka Baraka akaangusha tofali.

Baadaye nilimwona Mama Devota akilipapasa jiko taratibu, alipodhani hakuna anayemtazama.

Sasa likauke kwanza. Hakuna moto mpaka udongo ubadilike rangi. Mikono yangu imechubuka na ninaitazama kwa furaha.

Alhamisi, 25 Septemba
Limepasuka.

Nyufa toka mlangoni hadi kwenye bomba. Moja inapitisha vidole. Mama Devota aliwasha moto jana jioni tulipoondoka. Kwao jiko jipya halilali baridi. Mwenye jiko hulikaribisha kwa moto siku ileile, chakula kisije kikaikimbia nyumba. Sisi wote wa klabu tulijua kwamba lazima likauke. Hakuna aliyefikiri kumwambia mwenye jiko.

Mama Devota amelia, akajifuta kwa kanga. Nimejaribu kumkasirikia, nimeshindwa. Alilicheka mchana, jioni akalipokea kama lake. Hiyo ni heshima. Heshima iliyotuvunjia jiko.

Ijumaa, 26 Septemba
Siamini kama ni mimi.

Mstarini asubuhi Mkuu alisema jaribio limeshindwa, wiki ijayo bondeni. Nikanyoosha mkono. Mimi, ambaye hata nikiitwa jina naitikia kwa kunong'ona. Nilisema jiko halijashindwa kupika, halijapewa nafasi ya kukauka. Nilisema mti wa bondeni ukikatwa sasa, hata mdogo wangu hatauona ukiwa mkubwa. Nilisema tupewe wiki mbili, na Ijumaa hizo tutaendelea kwenda mbali bila kulalamika.

Wengine waliguna. Baraka akawaambia, "Mwacheni Profesa amalize!" Lakini nilikuwa nimeshamaliza.

Mkuu alinitazama, akamtazama Mwalimu Mwakyusa. "Wiki mbili. Wanaotaka bondeni na wanaotaka jiko, wote mmesikia."

Jumapili, 28 Septemba
Baada ya ibada tumebomoa na kuanza upya. Mama Devota ameponda udongo kwa miguu yake, gauni la kanisani amelikunja magotini. Tulipomaliza alikata tawi la miiba, akaliziba nalo lile domo la jiko. Amesema hata yeye asithubutu.

Ijumaa, 3 Oktoba
Mawingu. Nimeogopa mchana kutwa. Jiko liko chini ya turubai. Tumekwenda mbali, tumerudi usiku ukiingia. Hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jaribio.

Udongo umebadilika rangi, na tangu juzi Mama Devota alikuwa akilipasha kwa vijimoto vidogo, kidogo kidogo. Leo nusu ya mzigo wa kawaida ikawekwa pembeni, Mkuu mwenyewe akihakikisha. Moto ukawaka. Moshi ukapanda kwenye bomba, na jikoni, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyekohoa.

Sufuria ilichemka mapema. Lakini maharage ya huku ni magumu. Mkuu alionja moja, akatema. Kuni zikapungua. Nikatoka nje, nikasimama nikiangalia ukuta. Mama Devota aliwafukuza wote waliotaka kufunua sufuria: "Mnafunua nini, mnaitoa roho yake!"

Aliponiita nilidhani ni msiba. Akanipa kijiko chenye harage moja. Limeiva. Laini kabisa. Na magogo mawili yalibaki sakafuni, hayajaguswa. Akapiga vigelegele mpaka Kidato cha Kwanza wakatoka darasani.

Mkuu amesema mbele ya wote kwamba bondeni hatuendi, na ataiambia serikali ya kijiji irudishe sheria yake.

Ninajivunia. Naandika hivyo bila aibu. Ninamjivunia Mama Devota, Baraka, Mwalimu na sweta yake. Ninajivunia mimi.

Najua hili jiko bado linakula kuni. Halijamaliza tatizo, limetupa muda tu. Nikifika chuo kikuu nitasoma sera za mazingira, na kila sera nitaiuliza: umemwambia mpishi?

Ijumaa, 10 Oktoba
Kuni zilizobaki, kwa jiko hili, zitatusogeza wiki ijayo, hivyo leo hatukwenda kukata. Kengele imelia, tumeruhusiwa kwenda nyumbani. Baba aliponiona nimerudi mapema alidhani nimefukuzwa shule. Nilimweleza yote. Alitoka uani, nikamsikia akimwita jirani, akianza kumsimulia kwa Kiha, lugha yetu, tangu mwanzo, polepole.