Mashine ya Kuvuta Vyuma

Guangzhou, Alhamisi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Viza yangu iliisha miezi minne iliyopita. Haya, nimeandika. Nyumbani Moshi nimewaambia nasubiri magauni yatoke kiwandani. Binti yangu Neema anapata kipaimara Desemba, nami nilimwahidi nitakuwepo. Lakini nikitaka kupanda ndege uwanja wa Baiyun, lazima kwanza nijisalimishe polisi, na wenzangu waliojisalimisha waliwekwa ndani wiki kadhaa kabla ya kurudishwa.

Sitoki, sikai. Panya mtegoni ana nafuu, yeye angalau alionja dagaa.

Leo nilitoka kununua unga, nikakuta polisi wanakagua pasipoti mtaa mzima wa Dengfeng. Nikageuka, nikatembea polepole kama mtu asiye na neno, nikaingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Kumbe ni karakana kuukuu iliyogeuzwa makumbusho. Ndani kuna mashine ndefu kama basi, iliyotengenezwa Uingereza enzi za Malkia Viktoria. Kazi yake ilikuwa kuvuta vyuma vya madaraja mpaka vikatike, ili mafundi wajue vinastahimili kiasi gani.

Mtunzaji, fundi mstaafu, alifurahi kupata mgeni. Akafunga kipande cha chuma, akawasha pampu. Chuma hakikukatika mara moja. Kilirefuka, kikakonda katikati, kisha paa! Niliruka, halafu nikalia. Mtu mzima mimi.

Akaandika matokeo kwenye daftari lake, kisha akanisogezea la wageni. Sokoni wote wananijua kwa jina la Grace, na si langu. Lakini mkono uliozoea fomu za kargo ukajaza wenyewe: jina kamili, nchi, namba ya pasipoti.

Nilipoona nilichofanya, nikamwomba auchane ule ukurasa.

"Bu xing, laoban," akasema. Haiwezekani, bosi. "Hapa hatuchani kitu. Hata chuma kilichotuaibisha tunakiandika."

Nilimchukia mpaka mlangoni. Polisi walikuwa wameshaondoka. Njiani nikakumbuka kwamba kwa miezi minne sijaandika jina langu popote, na nikaona nilikuwa na hamu nalo.

Nimempigia Neema, nikamweleza yote. Akauliza kama polisi wa huku wanamruhusu mtu kupiga simu.

Sijui, mwanangu. Kesho asubuhi nitakwenda kuwauliza mwenyewe.