Usije Kumdai Kaimati

Baba Pendo,

Barua huanza kwa neno tamu. Nimelitafuta la kukupa nikalikosa, kwa hiyo pokea jina lako tu. Nakuandikia hadharani, atakaye asome, maana habari zangu umekwisha kuzitangaza mwenyewe: Kinango kwa mjomba wako, Ukunda kwa rafiki zako. Unasema mke wako amerukwa na akili, anakimbizana na mbwa uwanjani kama mtoto. Mke wako! Ulipokwenda Mackinnon Road kukaa na yule mwanamke mwenye mkahawa wa madereva wa malori, hukuaga hata paka. Leo nimekuwa mkeo tena kwa sababu ya mbwa.

Basi tuzungumze habari ya mbwa.

Unaikumbuka siku uliyomleta? Ulikuwa bado mlinzi kwenye ile nyumba ya wageni kule Diani. Wenyewe walikuwa wanahama, wakakuachia mtoto wa mbwa aliyekosa wa kumchukua. Ulimtia ndani ya shati, ukatembea naye kwenye mvua kutoka barabara kuu, ukaingia nyumbani wewe umelowa chepechepe, yeye mkavu. Pendo alimtazama alivyokuwa mviringo, wa rangi ya kahawia, akasema, "Huyu ni kaimati." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukachukua ncha ya kanga yangu ukamfuta masikio, taratibu, kama unayemfuta machozi mtoto mchanga. Hilo sijalisahau. Na hilo ndilo linalonizuia kukusamehe. Angekuwa mtu asiyejua upole, ningesema masikini, hakufundishwa. Wewe ulikuwa unajua.

Ulitaka akue awe jibwa la kutisha watu. Hakukua. Aliishia chini ya goti, miguu mifupi, masikio makubwa kupita haja. Watu walipokutania barabarani ulirudi na hasira zako nyumbani. Ulianza kwa kiatu, ukaendelea kwa mpini wa ufagio. "Mbwa gani huyu? Hata paka wa sokoni anamshinda!" Akibweka alipigwa kwa kubweka, akinyamaza alipigwa kwa kunyamaza. Nami vivyo hivyo, chai ikiwa ya moto kosa, ikipoa kosa. Kabla ya yote ulitangulia mkono. Mkono wako wa kulia ulipopanda juu ya bega, Kaimati alilala kifudifudi, mimi niliinamisha kichwa, na Pendo aliondoka bila kuambiwa, akaenda kwa jirani yetu Bi Mwanaisha.

Ulipotutupa, ni huyo Bi Mwanaisha aliyekuja mlangoni. Alisimama mbali kidogo na mbwa, akaniambia, "Mwanangu, mimi kumshika siwezi, nina udhu wangu. Lakini kiumbe cha Mwenyezi Mungu hakitalala na njaa karibu na ua wangu." Tangu hapo vichwa vya samaki vya nyumba yake vyote ni vya Kaimati. Wewe, uliyemleta kifuani mwako, hujauliza hata mara moja kama yu hai.

Nilibaki na cherehani yangu, nikishona sare za mahoteli. Siku moja akaja Mama Kioko, yule mama wa Kikamba anayekaa Ukunda, kupunguziwa mapazia. Zamani alikuwa akifundisha mbwa wa ulinzi. Siku hizi Jumamosi asubuhi hukusanya watu na mbwa wao kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa, akawafundisha mchezo wa kuruka vizuizi. Wenyewe wanauita ajiliti. Mbwa hupita njia iliyopangwa: anaruka fito, anapenya ndani ya bomba la kitambaa, anajipinda baina ya nguzo, anavuka ubao wa bembea. Mwenye mbwa hukimbia pembeni akimwonyesha pa kwenda. Mama Kioko alimwona Kaimati akiruka rundo la sare bila kugusa hata kola.

"Huyu ako na springi kwa miguu," akasema. "Mlete Jumamosi."

"Mama, huyu ni mwoga. Na mimi si mtu wa michezo."

"Sijakuuliza. Mlete."

Nilidhani siku ya kwanza ataruka. Hakuruka kitu. Fito zililazwa chini kabisa, tukawa tunazivuka kwa kutembea, na kila akivuka anapata kipande cha ini kidogo kama punje ya mbaazi. Mama Kioko alinieleza kwamba mbwa mdogo mifupa yake ni midogo, ukimharakisha utamvunja mwili na moyo pamoja. Bomba lilikunjwa likawa fupi, nami nikalala chini upande wa pili, shavu kwenye nyasi, nikimwita mpaka akatokeza ile pua yake. Nilicheka, Baba Pendo. Nilisikia sauti ngeni, nikagundua ni yangu.

Kisha nikaambiwa nimwonyeshe njia kwa mkono. Nikauinua.

Kaimati alilala kifudifudi akajikojolea. Watu wawili watatu wakacheka. Mama Kioko hakucheka. Alikuja karibu, akainua mkono wake mwenyewe ili anionyeshe namna ya kuelekeza, na mimi, mtu mzima, mama wa mtoto, nikajifunika kichwa kwa viganja vyote viwili mbele ya uwanja mzima.

Kicheko kikakatika. Yule mama aliushusha mkono polepole, kama anayeweka yai.

"Ni nani alikuwa anawachapa?" akauliza.

Aliniuliza kwa wingi. Anawachapa, nyinyi. Nikaketi palepale nyasini nikalia, na mbwa wako akaja kukaa mapajani mwangu, amelowa vile vile.

Unataka kujua mazoezi yetu yalikuwa nini baada ya hapo? Kukufuta wewe. Nilianza na mkono ulio chini, usawa wa goti, ini kiganjani. Akiusogelea bila kutetemeka, anakula. Wiki zikapita mkono ukafika nyongani. Tukarudi nyuma, kwa sababu mtu mmoja njiani alipunga mkono kuita gari na Kaimati akaingia mtaroni. Tukaanza tena. Pendo alipokuja kutoka shule alifanya naye vivyo hivyo uani, na Bi Mwanaisha akituangalia juu ya ua, akitutolea amri kama kamanda: "Huo umepanda mno! Mshushieni!" Mpaka siku ilifika nikaunyoosha mkono wote juu ya bega, na yule mbwa akautazama tu, masikio juu, akiuliza twende wapi.

Ndipo ukaja wewe.

Yalikuwa mashindano madogo tu kule Diani, wakati wa likizo, watu wamekuja na watoto na mikeka. Mtu alikwisha kukuambia mbwa wako amekuwa hodari. Sikukuona. Tulikuwa tumeanza vizuri, fito zote zimevukwa, bomba limepita, Kaimati yuko katikati ya bembea, ubao unaanza kushuka. Nikasikia sauti yako. "We mbwa! Njoo hapa!"

Aliganda. Ubao ukabamiza chini, akaanguka kando, akaja kujificha baina ya miguu yangu. Ukavuka kamba ukaingia uwanjani, ukamkamata ngozi ya shingo, ukamnyanyua.

"Huyu ni wangu. Nimemleta mimi."

"Mweke chini," nikasema.

"Unasema na nani?"

"Nasema na wewe. Mweke chini, unamuumiza."

Ukamwachia aanguke, ukainua mkono. Mbele ya watoto, mbele ya mtoto wako Pendo aliyekaa mkekani. Nami nilikuwa nimetumia msimu mzima nikimfundisha mnyama kuutazama mkono bila kuogopa, kumbe nilikuwa nafunzwa mimi. Sikuinama. Nilikutazama usoni, nikaona kitu ambacho kwa miaka yote ile sikuwahi kukiona kwa sababu macho yangu yalikuwa chini: hukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa unapima kama nitaogopa. Ilikuwa hesabu tu.

"Ushushe," nikakuambia. "Utachoka bure."

Mama Kioko alikuwa amekwisha kusimama ubavuni pangu, na wanaume wawili walioshika kamba wakakusogelea. Ukaushusha. Ukaondoka ukitukana, na kelele zako zilisikika mpaka barabarani.

Usidhani tulishinda. Tuliomba turudie nje ya mashindano, wakaturuhusu. Kaimati alipita kando ya nguzo mbili bila kuzipenya, na ile bembea alikataa kuikanyaga kabisa. Mpaka leo anaikataa. Hiyo nayo ni kazi yako. Lakini tulifika mwisho, na Pendo alipiga makofi mpaka viganja vikamwiva.

Sasa nimeletewa salamu na mjomba wako. Eti utakuja na wazee Jumamosi tusuluhishwe, mimi nirudi kwenye adabu na mbwa arudi kwa mwenyewe. Kwa wazee nasema shikamooni, na heshima yao iko palepale. Wasijisumbue na jua la njiani. Kama wana hamu ya kusikia, watu wa uwanja mzima walikuona, na Bi Mwanaisha amesikia yaliyotoka nyuma ya ukuta wetu miaka yote. Amesema ataapa popote atakapoitwa. Hakuna kilichobaki cha kusuluhisha. Mbwa humdai, mke humdai, na adabu unayoitafuta ilikuwa woga, nao umekwisha.

Ukikutana na Pendo njiani, msalimie kwa sauti ya chini. Akikujia, ni hiari yake, wewe ni babake na sitasimama katikati. Asipokujia usimpigie kelele. Nimemfundisha kwamba si kila anayekuita ni lazima umwendee.

Kaa huko huko uliko. Sikuombei mabaya. Sikuombei chochote.

Mimi,
Mamake Pendo, aliyekuwa mkeo